Miaka mia ya viazi na kabichi ndiyo iliyoiokoa Piece Hall

Kuna kitu kinaniudhi kila nikisikia mtu anahadithia majengo ya kale ya miji ya Uingereza, na leo nataka nikiseme chote. Hadithi huwa inaanza siku ya ufunguzi, matajiri wamevaa kofia, kengele inagongwa, afu inaruka moja kwa moja mpaka siku ya ukarabati, mamilioni ya pauni, utepe unakatwa, watu wanapiga picha. Pale katikati hapasemwi kitu. Au panasemwa kwa aibu, eti "baadae jengo likachakaa likawa soko la mboga", basi, sentensi moja tu, utadhani mboga ni msiba. Mi nasema hiyo katikati ndiyo hadithi yenyewe. Jengo halikai miaka mia mbili kwa sababu ya uzuri wake, linakaa kwa sababu kila kizazi kilikuwa na kazi ya kulipa, hata kazi ambayo hakuna anaejivunia. Na mji wa kukuonyesha hilo ni Halifax.

Hii ni Halifax ya West Yorkshire, sio ile ya Kanada. Ni mji wa bondeni, umezungukwa na vilima pande zote, watu kama 90,000 hivi, sio mkubwa kama Leeds wala Manchester ila uko katikati yao. Miaka ninayoishi upande huu wa Uingereza nimezunguka miji mingi ya jirani na hakuna ninaoupenda kama huu, sababu zake nyingi utaziona humu. Ukishuka stesheni ukapandisha kidogo unakutana na ukuta mrefu wa mawe, kwa nje karibu hauna madirisha kabisa, mgeni asiyejua angesema hapa pana gereza. Unapita getini, na ukishamaliza kile kivuli cha geti uko kwenye uwanja mkubwa wa wazi, umezungukwa pande zote nne na baraza za nguzo, ghorofa mbili upande wa juu wa mteremko na tatu upande wa chini, nguzo baada ya nguzo baada ya nguzo, na nyuma ya kila nafasi pana mlango wa chumba. Hiyo ndiyo Piece Hall. Mi sijaona uwanja mwingine Uingereza unaonifanya nisimame hivyo.

Ilifunguliwa tarehe 1 Januari 1779, ikiwa na vyumba 315. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuuza majora ya kitambaa cha sufu. Vile vilima vinavyouzunguka mji ardhi yake haifai sana kwa kilimo, baridi, mvua, udongo mwembamba, kwa hiyo familia za huko zilikuwa na shamba kidogo na kondoo kidogo, na maisha yenyewe yalikuwa kwenye kitanda cha mfumi ndani ya nyumba. Mke na watoto wanachambua na kusokota sufu, baba anafuma. Mpaka leo ukitembea vijiji vya huko juu unaziona zile nyumba, zina safu ndefu ya madirisha madogo madogo ghorofani kwa sababu mfumaji alihitaji mwanga. Jora moja lilikuwa yadi 30 hivi, na likishaisha linabebwa mgongoni au kwa farasi kuteremshwa mjini. Soko lilikuwa Jumamosi asubuhi kwa saa mbili tu, kengele inagongwa ya kufungua, kengele inagongwa ya kufunga, na kuuza nje ya muda huo kulikuwa hakuruhusiwi. Sasa we fikiria hilo jengo lote, mawe yote yale, kwa ajili ya saa mbili kwa wiki! Ila hizo saa mbili ndizo zilizoulisha mji mzima, na kitambaa kilichouzwa pale kilisafiri mpaka bara la Ulaya na Amerika.

Ardhi aliitoa John Caygill, tajiri wa nguo, na fedha za ujenzi zilitoka kwa watengenezaji na wafanyabiashara wenyewe, walichanga. Yani halikuwa jengo la mfalme wala la kanisa. Lilikuwa jengo la watu wa kazi wenye hela zao, wakasema hatutaki tena kuuza vitambaa kwenye vibanda na mvua inatunyeshea, tunataka mahali pa heshima, na wakaagiza nguzo za Kirumi kabisa. Napenda sana hilo. Mfumaji kutoka kilimani, viatu vina matope, anapanda ngazi anapita kwenye baraza ambayo ungeikuta kwenye kasri la Italia, jora begani.

Halikudumu hilo. Mashine za mvuke ziliingia, viwanda vikajengwa mabondeni, mwenye kiwanda hahitaji chumba kidogo cha Jumamosi maana anauza mzigo moja kwa moja kwa wanunuzi wakubwa, na mfumaji wa nyumbani hakuweza kushindana na bei. Ndani ya miaka hamsini tu baada ya ufunguzi vyumba vingi havikuwa na maana. Uwanja ukaanza kutumiwa kwa mambo mengine, mikutano ya siasa, maonyesho, watoto wa shule za Jumapili walikuwa wanakusanywa pale kwa maelfu kuimba nyimbo za dini, hiyo ilianza 1831 ikawa kila baada ya miaka mitano, na mwaka 1861 alikuja Blondin, yule Mfaransa aliyevuka maporomoko ya Niagara kwa kutembea juu ya kamba, akatembea juu ya kamba ndani ya Piece Hall. Mambo ya siku moja moja hayo. Hayalipii paa.

Kilicholipia paa ni mboga. Mwaka 1868 jengo lilikabidhiwa halmashauri ya mji, na 1871 likageuzwa soko la jumla la samaki, matunda na mboga. Likabaki hivyo miaka mia moja, na hapa ndipo wengi wanapofumba macho wakipita. Uwanja ukajazwa mabanda. Vile vyumba vya kitambaa vikawa stoo za viazi, vitunguu, kabichi, ndizi zilizovundikwa. Alfajiri mikokoteni, baadae malori, wanaingia wanatoka. Mawe yakawa meusi, maana miji yote ya Yorkshire ilikuwa imepakwa moshi wa makaa ya mawe na hakuna aliyekuwa na muda wa kuosha. Ukiona picha za wakati ule hakuna cha uzuri, ni mabati na makreti na wanaume wenye kofia bapa.

Lakini angalia kilichotokea kwingine. Halifax haikuwa peke yake, kila mji wa sufu upande huu ulikuwa na ukumbi wake wa kitambaa. Huddersfield walikuwa nao wa 1766, ulibomolewa 1930. Bradford walikuwa nao wa 1773, umekwenda. Leeds walikuwa nao zaidi ya mmoja, ule wa vitambaa vya rangi ulikuwa mkubwa sana, ukabomolewa mwishoni mwa karne ya 19 kupisha uwanja mpya wa mji na posta, na ule wa vitambaa vyeupe kimebaki kipande. Piece Hall ndiyo iliyobaki nzima, pande zote nne. Na sioni sababu nyingine kubwa kuliko ile kwamba kila alfajiri, kwa miaka mia, kulikuwa na mtu anaelipa kodi mle ndani. Kaunsili ambayo inapata hela kutoka kwenye jengo haina haraka ya kulibomoa, inaziba paa, inabadilisha mlango, inapaka rangi, basi maisha yanaendelea. Wale wauza viazi hawana sanamu popote, hawakuwa na nia ya kulinda urithi wala nini, walikuwa wanatafuta riziki. Ila jengo wamelishika mkono karne nzima.

Na ushahidi mkubwa kwangu ni kwamba hatari ilikuja pale pale viazi vilipoondoka. Miaka ya mwanzo ya 1970 soko la jumla likahamishwa, jengo likabaki tupu, na mara hiyo hiyo yakaanza maneno ya kubomoa. Ulikuwa wakati mbaya kwa majengo ya zamani Uingereza nzima, kila mji ulitaka barabara pana, paki ya magari na maduka ya zege. Watu wa Halifax wanasimulia mpaka leo kwamba Piece Hall ilipona kwa kura moja tu kwenye kaunsili. Basi ikakarabatiwa, mabanda yakatolewa, mawe yakaoshwa, na Julai 1976 ikafunguliwa tena ikiwa na maduka madogo madogo, vitu vya kale, kazi za mikono za mafundi, makumbusho, na siku za soko vibanda uwanjani. Hiyo nayo ilikuwa na miaka yake mizuri afu ikafifia. Januari 2014 ikafungwa kwa ukarabati mkubwa wa pauni milioni 19 hivi, na tarehe 1 Agosti 2017, siku ambayo watu wa Yorkshire wanasherehekea Yorkshire yao, ikafunguliwa kama unavyoiona sasa, uwanja wa mawe, maji yanayochezewa na watoto, migahawa, baa, maduka ya vitu vya mkono. Jioni za kiangazi kuna konsati, wanamuziki wakubwa kabisa, maelfu ya watu wamesimama pale palipokuwa na mabanda ya kabichi.

Konsati hizi zina wanaolalamika, na malalamiko yao nayaheshimu. Uwanja huu mchana unaingia bure, bibi anakaa kwenye benchi, watoto wanakimbia, wanafunzi wanakula chipsi, afu jioni ya konsati huingii bila tiketi, na tiketi sio bei ndogo. Kuna wanaosema mahali pa wote panakuwa pa wenye nacho. Mi nimelifikiria sana na nasimama upande wa konsati, lakini kwa sharti: hela inayoingia usiku ule isaidie vyumba vile vidogo kubaki na kodi ambayo fundi wa viatu au mshonaji anaiweza. Vyumba 315 vilijengwa kwa ajili ya watu wadogo wengi. Siku vikiunganishwa vyote vikawa vya makampuni machache makubwa, kuta zitakuwepo ila kitu chenyewe kitakuwa kimeondoka.

Toka nje ya Piece Hall kwa geti la chini sasa, na hapo hapo ukutani karibu kuna jengo la matofali mekundu, mraba. Kwenye mji ambao kila kitu ni jiwe la mchanga, tofali jekundu linaonekana toka mbali. Ni kanisa, Square Chapel, lilijengwa 1772 kwa ajili ya Titus Knight, mhubiri ambae kabla ya hapo alikuwa mchimba makaa ya mawe. Miaka ya 1850 waumini wake wakatajirika, hasa familia ya Crossley wa mazulia, wakajenga kanisa jipya pembeni, la Kigothi, mnara wake mrefu unachoma mawingu, likafunguliwa 1857. Lile la matofali likashushwa cheo likawa ukumbi na shule ya Jumapili. Umeona tena? Cheo kimeshuka, lakini jengo limepata kazi, na ile kazi ikalibeba zaidi ya miaka mia.

Mwaka 1969 wakalifunga. Likawa gofu. Paa linavuja, njiwa, wahuni wanavunja vioo. Afu 1988 watu sita wakalinunua kutoka kaunsili kwa pauni 25. Ndio, ishirini na tano. Walitaka kulifanya jumba la sanaa, na wakalifanya, taratibu, hela kidogo kidogo, miaka ya 90 wakaanza kufanya maonyesho hali ukarabati bado unaendelea, na 2017 wakaongeza sehemu mpya ya kuingilia. Nikifikiria hao watu sita nasisimka kabisa, maana pauni 25 sio bei ya jengo, ni bei ya mzigo. Waliununua mzigo. Kila mwenye akili za hesabu angewaambia achaneni nalo. Mwaka 2020 kampuni iliyokuwa inaliendesha ilifilisika, mwezi wa tatu, ule wakati dunia nzima inafunga milango, na ningeweza kuelewa kama ndio ingekuwa mwisho, ila taasisi inayoendesha Piece Hall ikalichukua na bado kuna sinema na maigizo mle.

Lile kanisa la Kigothi la matajiri ndilo lililokufa. Lilikosa waumini, likakosa kazi, 1971 likaungua moto, na baadae likabomolewa, ukabaki mnara peke yake. Kwa miaka zaidi ya arobaini mnara ulisimama pale bila kanisa. Halafu 2017 kaunsili ikajenga maktaba mpya ya mji imegusana nao kabisa, na lile dirisha la mawe la duara la kanisa likaingizwa kwenye jengo jipya. Kwa hiyo leo unasoma gazeti au unachapisha fomu zako za viza ndani ya maktaba na upande mmoja ni mawe ya 1857. Kuna watu hawapendi lile jengo jipya, wanaona halifanani na mnara. Mi naona limefanya kilichotakiwa, limeupa mnara jirani mwenye kazi za kila siku, na mlango unafunguliwa asubuhi kila mtu anaingia.

Hao Crossley lazima niwaseme kidogo maana mji huu umejaa mkono wao. Kiwanda chao cha mazulia kiko kaskazini tu ya katikati ya mji, Dean Clough, ukisimama juu ya daraja la North Bridge ukiangalia bondeni unaona majengo ya kiwanda yamepangana karibu nusu maili. Mzee John Crossley alianza kukodi kiwanda kidogo pale 1803, wanawe wakaleta mashine za mvuke za kufumia zulia, na enzi zake kulikuwa na wafanyakazi kama 5,000. Kikafungwa 1982. Kwa mji wa ukubwa huu hilo ni pigo ambalo watu bado wanalisema kwa sauti ya chini, familia nzima nzima zilikuwa zinategemea kengele ya pale, na viwanda vya upande huu vilikuwa pia vimewaleta watu kutoka Pakistani, wengi wao wa Mirpur, ambao ndio wengi kwenye mitaa ya magharibi ya mji mpaka leo.

Sasa sikiliza alichofanya Ernest Hall. Alikuwa mfanyabiashara wa nguo na pia mpiga piano, mpiga piano wa kweli, na 1983 akanunua Dean Clough nzima. Hakungoja apate mpangaji mmoja mkubwa wa kujaza nusu maili, angengoja mpaka leo. Akaanza kukodisha vyumba vidogo kwa yeyote, mtu na meza yake moja, fundi, msanii anaechora, akawapa wasanii nafasi kwa masharti nafuu, kukawa na galari, kukawa na tamthilia, kampuni ya maigizo ya Northern Broadsides ikaanzishwa 1992 ikafanya makao yake pale chini ya matao ya daraja. Baadae ndio wakaja wakubwa, mabenki, bima, hoteli. Mtu akiniuliza kiwanda tupu kifanywe nini jibu langu ni hilo: fungua mlango mmoja, weka mtu mmoja, kesho mlango wa pili. Jengo tupu linaoza kutoka juu, mfereji wa maji ukiziba na hakuna mtu wa kuuona, msimu mmoja tu maji yako kwenye mbao, na mbao zikilowa ndio basi tena.

Kingine ambacho wengi hawakijui, lile bati la chokoleti za Quality Street, ambalo kwetu likishaliwa kilichomo linakuwa la kuwekea sindano na nyuzi na vifungo (na ukilifungua ukiwa mtoto na njaa yako moyo unavunjika), limetoka hapa hapa. John Mackintosh na mkewe Violet walifungua kaduka kao ka keki na tofi Halifax mwaka 1890. Kiwanda chao kikaungua 1909, wakahamia Albion Mills, karibu na stesheni, kiwanda kilichojengwa kwa kazi za nguo. Quality Street yenyewe ikaanza kutengenezwa 1936. Yani jengo la sufu likawa jengo la sukari na siagi, na ukishuka kwenye treni siku upepo ukiwa upande wako harufu inakupokea kabla ya mtu.

Na kuna baa moja ya zamani, Old Cock, jengo lake lina miaka zaidi ya 400, lilikuwa nyumba ya familia ya wakubwa kabla halijawa mahali pa kulewa. Ghorofani kuna chumba cha mbao za mwaloni, na 1853 watu walikutana kwenye baa hiyo wakaanzisha chama cha kuweka akiba na kukopeshana kujenga nyumba. Ndicho kilichokuja kuwa Halifax, ile benki ambayo kila Mwingereza anaijua na wengi ndio iliyowapa mkopo wa nyumba. Wakati ule baa ilizaa benki. Siku hizi katikati ya miji ya Uingereza mambo yamegeuka, matawi ya benki yanafungwa, majengo yao mazuri yenye nguzo na dari za plasta yanageuka baa na migahawa.

Napo pana ndugu yake, Somerset House, mtaa wa George. Ilijengwa 1766 kama nyumba ya John Royds, tajiri wa nguo, msanifu John Carr wa York, na 1768 mfalme Christian VII wa Denmark alilala hapo. Haijapita miaka hamsini ikawa benki ya akina Rawson. Afu maduka yakaigandamiza kwa mbele kiasi kwamba watu walipita miaka na miaka bila kujua nyuma ya vile vioo kuna nini. Sasa saluni yake kubwa yenye plasta za ajabu imerudishwa, wanafanyia harusi. Nyumba, benki, duka, harusi. Nguo ya kurithi ndio hivyo hivyo, mkubwa ikimbana inamfaa mdogo, inapunguzwa hapa inaongezwa pale, ilimradi isikae sandukuni ikaliwa na nondo.

Najua kuna anaesoma anasema sheria je, maana Uingereza huwezi kugusa jengo la zamani hovyo. Ni kweli. Majengo yanayolindwa yako kwenye orodha ya taifa, iliyoanza kujengwa baada ya sheria ya mipango miji ya 1947, yana gredi, ya kwanza kabisa ni kama asilimia 2 na nusu tu ya orodha, na Piece Hall iko humo. Kubadilisha kitu bila kibali ni kosa la jinai kabisa, sio faini ya kuandikiwa barua. Naiunga mkono hiyo sheria. Ila orodha inazuia mtu kubomoa, haileti mpangaji. Jengo la gredi ya kwanza lililo tupu linaoza sawa sawa na lisilo na gredi, tofauti ni kwamba linaoza kisheria.

Upande wa matumizi serikali ililegeza, Septemba 2020 wakaunganisha duka, ofisi, mgahawa, kliniki, jimu, chekechea, vyote kundi moja, kwa hiyo duka likifa mwenye jengo anaweza kuweka kliniki bila kuomba ruhusa ya kubadilisha matumizi, ingawa jengo likiwa kwenye orodha kibali cha kugusa kuta na ngazi kinabaki pale pale. Hilo nimelifurahia. Kinachonikasirisha ni kodi. Ukijenga nyumba mpya kabisa Uingereza VAT ni sifuri. Ukikarabati jengo la zamani VAT kwa kawaida ni asilimia 20. Zamani kidogo kulikuwa na nafuu kwa mabadiliko yaliyoidhinishwa kwenye nyumba za kuishi na makanisa yaliyo kwenye orodha, nayo ikaondolewa Oktoba 2012. Sasa mtu ana pauni laki moja mkononi, jengo la mawe linadondoka mbele yake na kiwanja tupu kiko nje ya mji, na serikali inamwambia ukienda kule nje sikudai kitu, ukiokoa hili, juu ya ile laki moja nipe na elfu ishirini. Halafu tunashangaa katikati ya mji panakuwa patupu ghorofani! Hii naona ni dhuluma kwa miji, na ni kitu ambacho kingeweza kubadilishwa kwa mstari mmoja kwenye bajeti.

Maana ghorofani ndipo tatizo lilipo kwa kweli. Ukitembea Halifax katikati angalia juu, sio vioo vya maduka. Chini kuna duka la simu au kinyozi, juu ghorofa mbili tatu za mawe yaliyochongwa, madirisha yana vumbi, hakuna pazia. Hata jengo la sinema la Odeon la 1938 lilipokosa watazamaji lilipata bingo, ule mchezo wa kubahatisha namba, likaendelea kuwa na taa. Ghorofa za juu za maduka hazikupata hata bingo. Mara nyingi shida ni ndogo ya kijinga, ngazi ya kupandia iliondolewa miaka ya nyuma ili duka la chini lipate mita mbili za ziada, sasa hakuna njia ya kupanda bila kupita dukani.

Halifax ina majengo ambayo hayajawahi kubadilisha kazi, niseme haki. Town Hall ya Charles Barry, yule yule wa majengo ya Bunge London, aliichora mwishoni mwa maisha yake, mwanawe akaimalizia, ikafunguliwa 1863 na mwana wa malkia, na mpaka leo madiwani wanakaa mle. Na Borough Market, soko la ndani la 1896, paa la vioo na chuma na kuba katikati na saa yake, bado linauza nyama, jibini, vitambaa, vifungo, chai. Ila juu ya soko hilo, hapo hapo juu, kuna nyumba za kuishi zilizojengwa pamoja na soko lenyewe, mtaa mzima umekaa juu ya paa, milango inatazamana, na zimekaa tupu miaka mingi. Chini watu wananunua samaki, juu hakuna anaewasha jiko.

Hizo nyumba ndizo ningeanza nazo kama ningekuwa na kura kwenye kaunsili. Sio makumbusho, sio hoteli ya wikiendi. Nyumba za kupanga, kodi ya mfanyakazi wa kawaida, muuguzi, dereva wa basi, mchinjaji mwenyewe wa pale chini akitaka. Soko lipo, stesheni unatembea, maktaba iko chini ya mnara. Wakiziweka watu kumi tu mle, mifereji ya paa itapata wa kuiangalia kila mvua ikinyesha, na Halifax mvua inanyesha kweli kweli.